Siku za rufaa zimepita: jinsi ya kuomba kuongezewa muda kwenye shauri la madai

Hukumu imetoka, umeshindwa, na kwa sababu hii au ile siku za kukata rufaa zimekatika. Watu wengi wakifika hapa hukata tamaa. Wengine wanafanya kosa kubwa zaidi: wanapeleka rufaa hivyo hivyo, imechelewa, wakitumaini hakuna atakayehesabu siku. Zitahesabiwa. Wakili wa upande wa pili akikosa kuzihesabu, hakimu au jaji atazihesabu mwenyewe, na rufaa yako itatupwa bila hoja hata moja kusikilizwa.

Njia halali ipo. Unaiomba mahakama ikuongezee muda kwanza, ukikubaliwa ndipo unakata rufaa. Mwongozo huu unahusu mashauri ya madai Tanzania Bara, na umeandikwa kwa mtu anayejisimamia mwenyewe au anayetaka kuelewa kile wakili wake anachokifanya. Kama ni lazima uondoke na kitu kimoja tu, basi ni hiki: mahakama haitakuuliza kama unastahili kuonewa huruma, itakuuliza ulikuwa wapi kila siku iliyopita. Kazi yote iliyo hapa chini ni kujibu swali hilo kwa vielelezo.

Kwanza hakikisha kweli umechelewa

Usiruke sehemu hii. Wapo watu wanaoomba kuongezewa muda wakati muda bado wanao, na wapo wanaodhani wana miezi mitatu kumbe walipewa siku thelathini. Siku zinategemea shauri lilianzia wapi na linaenda wapi:

- Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30 (Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kifungu cha 20).
- Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo: siku 30 (sheria hiyo hiyo, kifungu cha 25).
- Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia hapo hapo: siku 90 (Jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89).
- Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia barazani: siku 45 (Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kifungu cha 41).
- Shauri la ndoa: siku 45 (Sheria ya Ndoa, kifungu cha 80).
- Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani: notisi ya rufaa (taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa) ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa.

Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la sheria la mwaka 2019. Sheria zimerekebishwa tena baada ya hapo na baadhi ya namba zimehama, kwa hiyo fungua toleo jipya kabla ya kuandika kifungu kwenye hati yako.

Sasa hesabu. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, unaanza na kesho yake. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Na hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao bila kujua: kwa mujibu wa kifungu cha 19 cha Sheria ya Ukomo, siku ulizokuwa unasubiri nakala ya hukumu na ya tuzo (hati inayotamka kwa ufupi kilichoamriwa) hazihesabiwi, mradi uliziomba mapema na una ushahidi kwamba uliziomba.

Chukua mfano wa hukumu ya Mahakama ya Wilaya iliyotolewa tarehe 4 Machi 2024, shauri likiwa limeanzia hapo. Siku ya 90 ni tarehe 2 Juni 2024, ambayo ni Jumapili, hivyo mwisho ni Jumatatu tarehe 3 Juni. Lakini aliyeshindwa aliandika barua ya kuomba nakala tarehe 11 Machi na akapewa tarehe 25 Aprili. Ukiondoa siku hizo 45 za kusubiri, mwisho unasogea hadi tarehe 17 Julai 2024. Mtu huyu akienda mahakamani tarehe 10 Julai hahitaji kuomba chochote. Anakata rufaa moja kwa moja na kuambatisha barua yake ya maombi ya nakala.

Angalizo kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo: mahakama zimeshaamua kwamba rufaa hizo hazilazimiki kuambatishwa nakala ya hukumu. Usiketi ukisubiri nakala halafu ukategemea kusubiri huko kukuokoe. Siku thelathini zinakwenda mbio.

Unachohitaji kuwa nacho mkononi

Kusanya haya kabla ya kuandika neno lolote:

- Nakala ya hukumu, na nakala ya tuzo au amri unayotaka kuipinga.
- Barua yako ya kuomba nakala, yenye mhuri wa mapokezi wa masjala, pamoja na kumbukumbu ya siku ulipopewa.
- Ushahidi wa kila kilichokuchelewesha: cheti cha kulazwa na kuruhusiwa hospitali, cheti cha kifo cha mtu uliyemuuguza au uliyemzika, tiketi za safari, amri ya mahakama iliyoondosha rufaa yako ya kwanza.
- Majina ya watu watakaokuunga mkono kwa kiapo.
- Rasimu ya sababu zako za rufaa.
- Kalenda ya mwaka husika. Ya karatasi ni nzuri zaidi, utaichora.

Hatua kwa hatua

1. Pata mahakama sahihi. Kanuni ya jumla ni kwamba maombi yanakwenda kwenye mahakama itakayosikiliza rufaa, siyo ile iliyotoa hukumu. Umeshindwa Mahakama ya Mwanzo? Omba Mahakama ya Wilaya. Umeshindwa barazani? Omba Mahakama Kuu.

Kuna mahali pawili panapochanganya. La kwanza, rufaa ya shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo inayokwenda Mahakama Kuu huwasilishwa kupitia Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, lakini mwenye mamlaka ya kuongeza muda ni Mahakama Kuu. La pili, ukitaka muda wa kutoa notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, unaanza kuomba Mahakama Kuu kwa kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141. Ila kama notisi uliitoa kwa wakati na kilichochelewa ni rufaa yenyewe, unakwenda Mahakama ya Rufani kwa Kanuni ya 10 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009.

2. Chagua kifungu sahihi. Rufaa ya siku 90 inaombewa muda kwa kifungu cha 14(1) cha Sheria ya Ukomo. Ya ardhi kutoka barazani ni kifungu cha 41(2) cha Sura ya 216. Zinazotoka Mahakama ya Mwanzo ni kifungu cha 20(4) au cha 25(1)(b) cha Sura ya 11, kutegemea ngazi.

Kosa la kawaida ni kutaja kifungu cha 93 au cha 95 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Kifungu cha 93 kinahusu muda uliowekwa au kutolewa na mahakama kwa ajili ya kufanya jambo linaloelekezwa au kuruhusiwa na sheria hiyo, hakiongezi muda wa rufaa uliowekwa na sheria nyingine. Siku hizi mahakama haiondoshi maombi kirahisi kwa kukosea kifungu kama ilivyokuwa zamani, lakini usimpe mwenzako nafasi ya kuweka pingamizi na kukupotezea miezi.

3. Chora jedwali la siku. Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, ipe muda mrefu zaidi.

Mahakama ya Rufani imesema tena na tena kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, vinginevyo kuweka ukomo kusingekuwa na maana. Katika uamuzi unaotajwa karibu kwenye kila maombi ya aina hii, Lyamuya Construction Company Limited, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, mahakama iliorodhesha inachokipima: mwombaji ameeleza kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa hakukupita kiasi, mwombaji ameonyesha bidii, siyo uzembe wala kutojali, na kama zipo sababu nyingine za kutosha, mfano hoja nzito ya kisheria kama uharamu ndani ya uamuzi unaopingwa.

Turudi kwa mtu wetu ambaye mwisho wake ulikuwa tarehe 17 Julai 2024. Tuseme alilazwa tangu tarehe 1 Julai, na ameweza kufika mahakamani tarehe 19 Agosti. Jedwali lake liwe hivi:

- Tarehe 18 Julai hadi 5 Agosti, siku 19: amelazwa. Kielelezo: cheti cha kulazwa na kuruhusiwa.
- Tarehe 6 hadi 12 Agosti, siku 7: amepumzishwa nyumbani kwa maelekezo ya daktari. Kielelezo: cheti cha mapumziko.
- Tarehe 13 Agosti, siku 1: ameonana na msaidizi wa kisheria. Kielelezo: kiapo cha msaidizi huyo.
- Tarehe 14 hadi 16 Agosti, siku 3: kuandaa hati na kuapa. Kielelezo: tarehe zilizo kwenye hati zenyewe.
- Tarehe 17 na 18 Agosti, siku 2: Jumamosi na Jumapili.

Jumla ni siku 32, na hakuna hata moja iliyobaki wazi. Ona pia kwamba maelezo hayakuishia siku ya kuruhusiwa hospitali. Hapo ndipo maombi mengi yanapokufa. Mwombaji anathibitisha vizuri kabisa kwamba alilazwa wiki tatu, halafu anakaa kimya kuhusu miezi miwili iliyofuata kabla hajafika mahakamani. Sheria haijakuwekea siku maalumu za kuleta maombi haya, lakini kila siku unayoiongeza baada ya kikwazo kuisha ni siku nyingine ya kuieleza.

4. Pima sababu yako bila kujidanganya. Sheria inataka sababu ya msingi au ya kutosha, na hakuna orodha iliyofungwa. Ugonjwa wenye vyeti vinavyolingana na tarehe za kuchelewa hukubalika. Kucheleweshewa nakala na mahakama hukubalika ukiwa na barua zako. Kama ulikata rufaa ndani ya muda ikaondoshwa kwa kasoro ya kiufundi, kipindi ambacho ilikuwa mahakamani hutazamwa kwa upole, kwa sababu ulikuwa mbioni. Eleza tu kwamba ulirudi haraka baada ya kuondoshwa, na uambatishe amri.

Zipo sababu ambazo watu wanazileta kwa moyo mweupe na hazisaidii. "Sikujua sheria" haijawahi kuwa sababu. "Wakili wangu alizembea" kwa kawaida haikubaliki; mahakama inataka kuona wewe mwenyewe ulifuatilia nini. "Sikuwa na pesa" peke yake ni dhaifu, japo inapata nguvu ukionyesha kwamba wakati huo ulikuwa unatafuta msaada wa kisheria na una barua za kuthibitisha.

Kuhusu uharamu kwenye hukumu. Tangu uamuzi wa Valambhia wa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba hoja ya uharamu wa uamuzi unaopingwa inaweza kutosha kuongezewa muda. Lakini uharamu huo uonekane waziwazi kwenye kumbukumbu, usihitaji mabishano marefu kuugundua. Mahakama kutokuwa na mamlaka, mtu kuhukumiwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa, au kesi kufunguliwa nje ya ukomo, hayo ni ya aina hiyo. "Hakimu hakuuamini ushahidi wangu" ni sababu ya rufaa, haiingii hapa. Ukiwa na hoja ya uharamu iweke, na bado eleza siku zako zote.

5. Andika hati ya maombi na kiapo. Maombi ya kawaida yana hati mbili: hati ya maombi, ile mawakili wanayoiita chemba samansi, na hati ya kiapo inayoiunga mkono. Kwa Mahakama ya Rufani, badala ya chemba samansi unatumia notisi ya maombi, nayo ina kiapo chake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo andika kwa Kiswahili fasaha bila wasiwasi.

Hati ya maombi ni fupi: jina la mahakama, wahusika (mwombaji na mjibu maombi), kifungu, na unachoomba. Kwa mfano: "Kwamba Mahakama hii tukufu iongeze muda ili mwombaji aweze kukata rufaa dhidi ya hukumu ya Mahakama ya Wilaya iliyotolewa tarehe 4 Machi 2024."

Kiapo ndicho kinachobeba mzigo. Andika kwa aya zenye namba, tukio moja kwa aya, kwa mpangilio wa tarehe:

"4. Kwamba tarehe 11 Machi 2024 niliandika barua kuomba nakala ya hukumu na tuzo. Barua hiyo yenye mhuri wa mapokezi imeambatishwa na kupewa alama B."

"6. Kwamba tarehe 1 Julai 2024 nililazwa hospitali hadi tarehe 5 Agosti 2024. Cheti cha kulazwa na kuruhusiwa kimeambatishwa na kupewa alama D."

Kiapo ni ushahidi, hivyo kiwe na mambo ya kweli unayoyajua tu. Usitie hoja za kisheria, maombi, wala lawama kwa hakimu. Jambo uliloambiwa na mtu, taja ni nani aliyekuambia. Na mtu huyo kama ni muhimu, awe karani wa masjala, ndugu aliyekuuguza au msaidizi wa kisheria, mpe aape kiapo chake. Ukiandika "niliambiwa na karani kwamba jalada halionekani" bila kiapo cha karani wala barua yoyote, mahakama itayahesabu kuwa maneno matupu.

Malizia kwa uthibitisho unaotaja aya zipi ni za ufahamu wako mwenyewe na zipi ni za kuambiwa, kisha uape mbele ya kamishna wa viapo. Kagua mwenyewe sehemu ya kuapia: lazima ionyeshe mahali na tarehe ya kuapa, na jina, saini na mhuri wa kamishna. Usiape mbele ya wakili anayekusimamia kwenye shauri hilo hilo, hilo linakiharibu kiapo.

Kwa rufaa za kutoka Mahakama ya Mwanzo kuna utaratibu wake chini ya kanuni za mwaka 1964, Tangazo la Serikali Na. 312. Maombi yawe ya maandishi, yaeleze kwa nini rufaa haikuletwa ndani ya siku 30, na yaambatane na hati ya rufaa yenyewe au yataje sababu za kuupinga uamuzi. Wengi wanasahau hili la mwisho. Ukiomba Mahakama ya Wilaya, inaweza kukuruhusu ueleze sababu zako kwa mdomo na ikaziandika. Hata hivyo nakushauri uwe na maandishi.

6. Sajili na ulipe siku hiyo hiyo. Usajili unafanyika kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa kuratibu mashauri wa Mahakama ya Tanzania. Kama huna akaunti au kompyuta, nenda masjala ya mahakama husika uombe kusaidiwa. Ukishapakia hati utapata kumbukumbu namba ya malipo, ile kontrol namba. Ilipe mara moja na utunze risiti. Pamekuwa na mabishano mengi kuhusu shauri linahesabika kuwa limesajiliwa lini, siku ya kupakia au siku ya kulipa. Ukifanya vyote siku moja, mabishano hayo hayakuhusu.

Kabla ya kupakia, kagua kila ukurasa kama umesomeka. Cheti cha hospitali kilichopigwa picha gizani hakithibitishi lolote.

7. Mpelekee mjibu maombi. Ukipata tarehe ya kutajwa, mjibu maombi apelekewe hati zote na viambatisho vyake, na wewe ubaki na nakala iliyosainiwa. Naye atajibu kwa kiapo kinzani. Kisome aya kwa aya. Akipinga tarehe fulani na una ushahidi zaidi, omba ruhusa ya kuleta kiapo cha nyongeza.

8. Jibu hoja. Siku ya kusikilizwa mtazungumza, au mahakama itaelekeza mlete hoja za maandishi kwa ratiba. Ratiba hiyo ni amri. Ukishindwa kuleta hoja zako ndani ya tarehe uliyopewa, unahesabika kama hukufika siku ya kusikilizwa, na maombi yanaweza kutupwa.

Hoja siyo ushahidi. Jambo ambalo halimo kwenye kiapo huwezi kuliingiza hapa kwa mara ya kwanza, hata liwe kweli namna gani. Ndiyo maana nimesisitiza jedwali la siku mapema. Kwenye hoja, lipitie jedwali lako mbele ya jaji, tarehe kwa tarehe, kielelezo kwa kielelezo, kisha utaje maamuzi machache yanayokuunga mkono. Maamuzi ya Mahakama Kuu na ya Rufani yanapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na maamuzi ya mahakama za Tanzania. Matatu yanayofanana na hali yako yanatosha. Kurasa kumi za kulalamika kwamba hukumu ilikuwa ya uonevu hazina kazi hapa, zitunze kwa ajili ya rufaa.

Mambo yanayokwama

*Dalali wa mahakama ameshakuja kukamata mali.* Maombi ya kuongezewa muda hayasimamishi utekelezaji wa hukumu, na hata rufaa yenyewe haisimamishi bila amri. Utahitaji maombi tofauti ya kuzuia utekelezaji, na hapa suala la mahakama gani na hatua gani ni gumu. Kama kuna sehemu moja ya kutafuta wakili hata kwa kukopa, ni hii. Asiye na uwezo anaweza kuomba chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kwako, au wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, au mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania).

*Hukumu ilitolewa upande mmoja, mimi sikuwepo.* Simama kwanza. Kwa kawaida njia yako ya kwanza ni kuomba mahakama hiyo hiyo itengue hukumu ya upande mmoja, ndani ya siku 30. Ukiwa umechelewa hata hapo, muda unaouomba ni wa kuleta maombi ya kutengua. Ukikimbilia rufaa utaambiwa urudi ulikotoka, na siku zitakuwa zimekwenda.

*Masjala haijanipa nakala hadi leo.* Andika barua ya kukumbusha, ipigwe mhuri, na uandike nyingine baada ya muda kidogo. Usifuatilie kwa mdomo tu. Kwa shauri linalokwenda Mahakama ya Rufani, barua ya kuomba mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyoendelea mahakamani) iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mwenzako apelekewe nakala yake. Usipompelekea, hutaweza kunufaika na cheti cha Msajili kinachoondoa siku za kusubiri. Cheti hicho ukikipata kisome vizuri: tarehe zikiwa zimekosewa, omba kirekebishwe kabla hujawasilisha rufaa.

*Kiapo changu kimegundulika kina kasoro.* Kama kasoro ni aya chache zenye hoja au maombi, mahakama inaweza kuzifuta na kuendelea na zilizobaki. Kama ni sehemu ya kuapia iliyokosa tarehe au mahali, omba ruhusa ya kurekebisha mapema, kabla pingamizi halijasikilizwa. Maombi yakiondoshwa unaweza kuyaleta upya yakiwa sahihi, ukieleza pia siku zilizopita tangu yalipoondoshwa. Yakitupiliwa mbali baada ya kusikilizwa, huwezi kurudi tena mahakama ile ile na maombi yale yale.

*Mahakama Kuu imekataa kuniongezea muda wa notisi.* Kanuni ya 45A ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inakuruhusu kuomba upya Mahakama ya Rufani ndani ya siku 14 tangu kukataliwa. Ni siku 14 kamili na zinapita haraka, kwa hiyo omba nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo unaposomwa. Kama aliyekataa ni Mahakama ya Wilaya kwa shauri la Mahakama ya Mwanzo, unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu dhidi ya uamuzi huo wa kukataa.

*Nimekubaliwa.* Soma amri yenyewe, usitegemee ulichokisikia mahakamani. Itakuwa imetaja siku ulizopewa na zinaanza kuhesabiwa lini. Kukubaliwa maombi hakujafungua rufaa. Rufaa unaisajili wewe, kwa hati zake na ada zake, na amri ya kuongezewa muda ukiiambatisha. Ukipewa siku 14, lenga kusajili ndani ya wiki ya kwanza, maana mtandao unaweza kukatika, malipo yanaweza kugoma, na siku hizo zikipita utatakiwa kuanza tena hatua ya kwanza ukiwa na sababu ngumu zaidi ya kuieleza.

*Nina mgogoro wa kazi, au kesi ilikuwa Zanzibar.* Mashauri ya kazi yana sheria na muda wake kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Zanzibar ina mahakama na sheria zake hadi ngazi ya Mahakama Kuu. Usichukue vifungu vya hapa ukavipeleka huko. Kwa rufaa za Mahakama Kuu ya Zanzibar zinazokwenda Mahakama ya Rufani, Kanuni za mwaka 2009 zinatumika, na jedwali la siku unalichora kwa namna ile ile.